Sura ya Tano: Sikio Huzaliwa, Usikivu Hupevuka

Mtoto anapozaliwa, wakunga na jamaa humtazama viungo vyake kimoja kimoja, na wakiona masikio yake mawili yamekaa mahali pake humshukuru Mungu na kuhesabu kuwa jambo la kusikia limekwisha. Kwa upande wa sikio lenyewe hawako mbali na ukweli, kwani koklea, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojizongomeza ndani ya mfupa wa kichwa, hufikia ukubwa wake wa utu uzima mimba ikiwa katikati, na kuanzia takriban juma la 28 mtoto aliye tumboni hushtuka kwa mshindo, na moyo wake hubadili mwendo asikiapo sauti. Walakini koklea hupokea mitikisiko tu. Kujua sauti imetoka wapi, ni ya nani, na inasema nini, ni kazi ya ubongo. Na ubongo wa mtoto mchanga huifanya kazi hiyo kwa njia ambazo bado zinajengwa, zinabomolewa na kujengwa tena. Muradi wa sura hii ni kuueleza ujenzi huo, hususan ule unaofanyika mahali padogo kupita kiasi, pale seli moja ya neva inapokutana na nyingine, ambapo wataalamu hupaita sinapsi.

Hatuna budi kuanza na suala la wakati, maana bila ya kulielewa hilo, yote yatakayofuata yataonekana kuwa ni madoido ya maumbile yasiyo na sababu. Mtu akiitwa kutoka upande wake wa kulia, sauti, ambayo hewani huenda kiasi cha mita 343 kwa sekunde, hulifikia sikio la kulia kwanza na la kushoto baadaye, na tofauti baina ya nyakati hizo mbili, kwa kichwa cha mtu mzima, ni takriban sehemu 7 tu katika 10,000 za sekunde. Fauka ya hayo, sikio la kushoto, kwa kuwa limekingwa na kichwa, hupokea sauti hafifu zaidi kuliko la kulia, hasa ikiwa sauti yenyewe ni nyembamba. Tofauti hizo, ya wakati na ya nguvu, ndizo hoja kuu ambazo ubongo huzitegemea kuamua kama sauti imetoka kulia au kushoto. Na msikilizaji hodari, akipimwa mahali pa kimya, aweza kutambua tofauti ya wakati isiyozidi sehemu 10 katika milioni za sekunde. Ajabu yake ni kwamba ishara moja ya umeme katika neva huchukua yenyewe takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, yaani mara mia zaidi ya tofauti inayopimwa. Lazima basi pawepo, mahali fulani katika njia ya usikivu, sinapsi zisizochelewa na zisizotetereka, ambazo kila ishara iingiayo hutoka kwa wakati uleule, leo na kesho, ikiwa ya kwanza au ya mia tano.

Mahali hapo palionekana kabla ya yeyote kujua kazi yake. Mwaka 1893 Hans Held, mwanaanatomia wa Kijerumani aliyekuwa Leipzig, akitazama kwa hadubini vipande vya shina la ubongo vilivyotiwa rangi, alieleza namna ya miisho ya neva ambayo ni adimu katika ubongo uliobaki: uzi mmoja mnene unaijia seli moja ya mviringo na kuishika kama kiganja kinavyolishika chungwa. Held mwenyewe alishikilia kuwa seli za neva zimeungana pamoja zikawa wavu mmoja usiokatika, kinyume cha Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyesema kuwa kila seli imesimama peke yake. Hadubini za elektroni za miaka ya 1950 zilimpa haki Cajal, kwa kuwa zilionyesha ufa mwembamba baina ya seli na seli. Lakini kile alichokichora Held kilikuwa kweli tupu, na hadi leo huitwa kaliksi ya Held.

Ukubwa wa kaliksi wafaa kuelezwa kwa makini. Seli inayoshikwa ina upana wa takriban sehemu 20 za elfu za milimita, na kaliksi hufunika kiasi cha nusu ya uso wake. Sinapsi ya kawaida katika ubongo ni kinundu chenye mahali pamoja au pachache pa kumwagia kemikali ya kupeleka habari. Kaliksi moja ina mamia ya mahali hapo, na yote huamshwa na ishara moja kwa pamoja. Habari inayopita hapo imetoka sikio la upande wa pili, imevuka katikati ya kichwa, na seli inayoipokea haichochei seli za mbele yake, bali huzinyamazisha. Jirani yake kuna kituo ambacho hupokea mambo mawili kwa mara moja: kichocheo kutoka sikio la upande wake, na kinyamazisho kutoka sikio la upande wa pili, na kwa kulinganisha kipi kimeshinda, kituo hicho hukadiria upande ambao sauti ina nguvu zaidi. Sasa msomaji ataona ugumu uliopo. Habari ya kunyamazisha ina safari ndefu kuliko ile ya kuchochea, na ina kituo kimoja cha ziada njiani, na juu ya hayo yapasa ifike kwa wakati mmoja na mwenzake, kwani ikichelewa ulinganisho hauna maana. Kaliksi ni kubwa kwa sababu hiyo: imeumbwa isishindwe hata mara moja na isipoteze wakati.

Walakini haizaliwi hivyo. Yaliyojulikana kwa yakini kuhusu makuzi yake yamejulikana kwa panya, na sababu yake ni nzuri: panya huzaliwa kiziwi, mifereji ya masikio yake ikiwa imefungwa, na hukaa hali hiyo mpaka takriban siku ya 12, kwa hiyo mambo ambayo kwa mwanadamu hupita gizani tumboni, kwake hupita mbele ya macho ya mtafiti. Katika siku za mwanzo nyuzi kadhaa huigombea seli moja, kila uzi ukipanua ncha yake. Kisha mmoja hukua kwa kasi, hutanda juu ya seli, na wenziwe hujitoa. Ifikapo siku ya tisa au ya kumi aghalabu amebaki mmoja tu. Mwanzoni huyo mshindi ni kiganja kitupu, utando mzima usio na nafasi. Baada ya masikio kufunguka, utando huo hupasuka-pasuka ukawa na vidole, na katika nafasi baina ya vidole kemikali iliyokwisha kutumika hupata njia ya kuondoka upesi, isibaki ikaichafua ishara inayofuata.

Kuyapima hayo kulihitaji ustadi ambao hauna budi kutajwa. Kipande cha shina la ubongo wa panya, kisichozidi unene wa robo ya milimita, huwekwa chini ya hadubini katika maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni. Mtafiti huteremsha bomba la kioo ambalo ncha yake ina upana wa sehemu moja au mbili za elfu za milimita, hulisogeza taratibu mpaka ncha ikaligusa ganda la kaliksi, kisha huvuta pumzi kidogo kwa mdomo wake kupitia mpira mwembamba, na ganda hunata kwenye kioo, likishikana nacho hata umeme usipate mwanya wa kupita. Bomba la pili huteremshwa vivyo hivyo juu ya seli inayopokea. Hapo mtu huweza kumsikiliza msemaji na msikilizaji kwa wakati mmoja, jambo ambalo katika sinapsi ndogo za ubongo karibu haliwezekani. Mbinu ya mabomba hayo ilibuniwa na Erwin Neher na Bert Sakmann, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Mwaka 1994 Ian Forsythe wa Leicester, Uingereza, alitoa habari za kuipima kaliksi yenyewe kwa njia hiyo, na muda si muda Gerard Borst na Sakmann walikuwa wakiipima huko Heidelberg.

Katika kaliksi ya panya wa juma moja, ishara ya umeme ni pana na ya uvivu. Inapofika hufungua milango ya kalsiamu ya aina mbalimbali, mingine ikiwa mbali na vifuko vyenye kemikali ya glutamati, na kalsiamu ikiingia hutapakaa na kumwaga sehemu kubwa ya vifuko hivyo kwa mara moja. Ishara ya kwanza hupata jibu kubwa. Ya pili hupata dogo. Na zikifuatana mia mbili au mia tatu kwa sekunde, akiba hukauka na seli inayopokea huanza kuruka ishara. Upande wa pili wa ufa nako, vipokezi vingi ni vya namna inayofunguka kwa muda mrefu, hata jibu la ishara moja halijaisha ilhali nyingine imekwisha kufika. Baada ya juma la pili hali hubadilika kila upande. Ishara yenyewe hufupika na kuwa kali. Milango ya kalsiamu hubakia ya aina moja, tena hukaa karibu kabisa na vifuko. Vifuko vilivyo tayari huongezeka adadi. Vipokezi vizito hupungua, na vile vyepesi vinavyofunguka na kufunga mara moja hushika nafasi yao. Kaliksi iliyopevuka huweza kufuata ishara mamia kwa mamia katika sekunde moja bila kukosa.

Napenda tutue hapa kidogo, maana katika mabadiliko hayo lipo moja ambalo mimi naliona ni bora kuliko yote, ijapokuwa halisemwi sana nje ya maabara. Mtu angedhani kwamba sinapsi hupevuka kwa kuongeza kishindo, kwamba kila ishara humwaga kemikali zaidi kuliko ya jana. Kinyume chake, akiba huongezeka lakini sehemu itumikayo kwa kila ishara hupungua. Kaliksi changa hutoa sehemu kubwa ya ilivyo navyo kwa mwito wa kwanza. Iliyokomaa hutoa kidogo, kwa wakati hasa, na hubakiza kwa ajili ya mwito wa elfu. Nguvu za usikivu zimejengwa juu ya uwekevu huo.

Pana suala ambalo lilikuwa likiwasumbua wataalamu kwa muda mrefu: ikiwa panya ni kiziwi mpaka siku ya 12, na kazi kubwa ya kuchagua uzi mshindi imekwisha kabla ya siku hiyo, ni nani anayeziamsha neva hizo zifanye kazi? Jibu lilipatikana Baltimore, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambako Nicolas Tritsch, Dwight Bergles na wenzao walitangaza mwaka 2007 kwamba sikio changa hujitekenya lenyewe. Ndani ya koklea isiyosikia bado, pembeni mwa seli zenye vinywele ambazo baadaye zitapokea sauti, zimo seli za kuzitegemeza ambazo mara kwa mara humwaga kemikali iitwayo ATP, ileile ambayo mwili huitumia kubebea nguvu. Kemikali hiyo huziamsha seli zenye vinywele zilizo karibu, nazo hupeleka ubongoni mafungu ya ishara, ilhali nje hakuna sauti yoyote. Kwa kuwa seli zilizo jirani katika koklea ndizo zitakazokuja kusikia sauti zinazolingana kwa wembamba au uzito, kuamshwa kwao pamoja huufundisha ubongo ni nyuzi zipi ni za ukoo mmoja. Masikio yanapofunguka, kelele hizo za ndani hukoma, na sauti za dunia hushika kazi iliyokwisha kuanzishwa.

Kazi hiyo si ya kuongeza tu. Karl Kandler na Gunsoo Kim, wakichunguza kile kituo cha ulinganisho tulichokitaja, walitoa habari mwaka 2003 kwamba seli zake, kabla ya panya kuanza kusikia, hunyamaziwa na kiasi cha asilimia 75 ya nyuzi zilizokuwa zikizungumza nazo mwanzoni, na zile chache zilizosalia huwa na nguvu takriban mara 12 zaidi. Hata kemikali hubadilika, kwani nyuzi zinazoanza kwa kumwaga GABA humalizia kwa kumwaga glisini, ambayo kazi yake ni fupi na ya wakati maalumu.

Mwanadamu hutangulia panya kwa kuwa mwanzo wa usikivu wake huwa tumboni, na ushahidi wake ni mzuri kuuhadithia. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer waliwavisha watoto wachanga, wasiotimiza siku tatu duniani, vipaza sauti masikioni, wakawapa chuchu ya mpira ya kunyonya isiyotoa maziwa. Mtoto akinyonya kwa mapumziko ya namna fulani, husikia sauti ya mamake akisoma hadithi. Akibadili mapumziko hayo, husikia sauti ya mwanamke mwingine. Watoto walijirekebisha wakanyonya kwa namna ya kuipata sauti ya mama. Hata hivyo, njia yao ya usikivu ilikuwa bado mbali na ukamilifu. Tabibu akimbandika mtoto vipande vya waya kichwani na kumsikizisha mlio mfupi wa nguvu, wimbi la tano la umeme, ambalo hutoka juu katika shina la ubongo, huchukua takriban sehemu 7 za elfu za sekunde kufika. Kwa mtu mzima huchukua takriban sehemu 5 na nusu, na mtoto huufikia mwendo huo anapokaribia miaka miwili. Tofauti hiyo imetokana na sinapsi ambazo bado zinakazwa, na nyuzi ambazo bado zinavikwa ala ya mafuta ambayo bila yake umeme hutembea kwa kusuasua.

Wakati huohuo lugha nayo inachagua. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wa Kiingereza wa miezi sita hadi minane hutofautisha vizuri aina mbili za t za Kihindi ambazo wazazi wao hawazitofautishi, na kwamba uwezo huo hufifia kabla ya kutimiza mwaka. Wasomaji wa Mombasa na Lamu hawatashangaa, kwa kuwa Kimvita na Kiamu vina t ya menoni na t ya ufizini, na mtoto aliyelelewa humo huzitenga kabla hajajua kutamka neno, ilhali mgeni wa bara aliyejifunza Kiswahili ukubwani aweza kuishi mjini miaka mingi na masikio yake yakamwambia kuwa ni moja.

Yote hayo yana adui, na mmoja katika hao yuko majumbani mwetu kila siku. Manjano ya mtoto mchanga, aghalabu, ni jambo la kupita. Lakini bilirubini, ile rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizovunjika, ikizidi mno, huingia ubongoni na kuvidhuru hasa vituo vya usikivu katika shina la ubongo. Watafiti wa Leicester, Forsythe akiwa mmoja wao, walionyesha mwaka 2010 kwa panya kwamba sumu hiyo huiharibu kaliksi ya Held. Mtoto aliyepatwa na hayo aweza kuwa na koklea nzima, hata kipimo kile cha kusikiliza mwangwi unaotoka sikioni kikasema yu salama, na kumbe habari inayofika ubongoni imevurugika. Ndiyo sababu mtoto aliyeugua manjano makali yafaa apimwe mawimbi ya ubongo, asipimwe sikio peke yake. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi njano hutazamwa katika weupe wa macho, ufizi na viganja. Na kwa kuwa wako wazazi wanaoambiwa watosheke na kumwanika mtoto jua la asubuhi, nasema bayana: manjano makali hutibiwa hospitalini kwa mwanga maalumu wa buluu, na siku mbili za kungoja zaweza kuwa nyingi mno.

Kungoja kuna madhara hata pasipo ugonjwa. Eric Knudsen wa Stanford aliwaziba bundi sikio moja: wachanga walijirekebisha wakaweza tena kuonyesha mahali sauti ilipotoka, wakubwa hawakuweza. David Ryugo na wenzake, wakitumia paka wazaliwao viziwi, walionyesha mwaka 2005 kwamba kifaa cha kupandikizwa katika koklea, kikitiwa mapema, hurudisha umbo la kawaida la sinapsi kubwa ambazo neva ya usikivu huzifanya mara iingiapo ubongoni, ambazo nazo Held alizieleza. Yaani umeme wenye habari peke yake watosha kuzitengeneza sinapsi zilizoharibiwa na ukimya. Kwa watoto, uchunguzi wa Anu Sharma na wenzake umeonyesha kuwa waliopandikizwa kabla ya miaka mitatu na nusu huwa na majibu ya ubongo yanayolingana na ya wenzao wanaosikia, na waliopandikizwa baada ya miaka saba aghalabu hawayafikii. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza upandikizaji huo mwaka 2017, lakini faida yake hutegemea mtoto kugunduliwa mapema, na wengi hugunduliwa wakati wanapotarajiwa kusema na hawasemi. Wala isidhaniwe kuwa asiyepata kifaa hana lugha. Lugha ya alama ni lugha kamili, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na mtoto kiziwi aihitaji katika miaka ileile ya mwanzo, kwa kuwa ubongo hauahirishi haja yake ya lugha ukisubiri vipimo vya masikio.

Ujenzi hauishii utotoni mwa kutambaa. Jean Moore na Fred Linthicum, waliochunguza bongo za wanadamu wa umri mbalimbali huko Los Angeles, waliona kuwa katika gamba la ubongo linaloshughulikia sauti, nyuzi za tabaka za chini hukomaa mtoto akikaribia miaka mitano, na za tabaka za juu, ambazo huunganisha sehemu moja ya gamba na nyingine, huendelea mpaka takriban miaka 12. Kwa hiyo mwanafunzi wa darasa la kwanza, hata kipimo kikisema masikio yake hayana kasoro, hushindwa kuyatenga maneno na kelele kwa wepesi wa mwalimu wake. Katika madarasa yetu yenye paa la bati, mvua ikinyesha, mwalimu husikia maneno yake mwenyewe kwa kuwa anayajua, na mkubwa aliyekaa nyuma huyajaza yaliyopotea kwa kukisia, ila mtoto wa miaka sita hupokea vipande asivyoweza kuviunga. Mwalimu anayewasogeza wadogo mbele, au anayengoja mvua ipungue ndipo asome imla, huwapa maneno yakiwa mazima, katika miaka ambayo ubongo wao bado unajifunza kuyaokoa wenyewe kutoka katika kelele.